Mama Mkwe, Jagi na Mimi

Mama mkwe wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa moyo, alikubali kukaa kwetu Homa Bay mjini. Kwa desturi yetu Wajaluo, mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Akajitetea mwenyewe: "Hii ni nyumba ya kupanga. Nimelala kwa mwenye nyumba, si kwa mkwe."

Daktari alikuwa ametuonya kuhusu figo. Upasuaji wa moyo huweza kuzipunguzia damu, na yeye ana umri mkubwa na ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo anywe maji kwa kiasi alichopangiwa, mkojo upimwe kwenye jagi, na dawa za maumivu za dukani wala mitishamba asiguse bila kuuliza.

Chupa ya maji iliisha kila jioni. Jagi likabaki karibu tupu, midomo yake imekauka. Chini ya dirisha lake, sukuma wiki ya jirani ilinawiri ajabu.

"Mama, unamwaga maji?" mke wangu akamuuliza.

"Nikinywa, nitaenda chooni. Choo kiko ng'ambo ya ua, na mume wako ameketi barazani. Nimpite na jagi mkononi? Afadhali figo zife!"

Nilisikia yote nikiwa nje. Kumjibu moja kwa moja kungekuwa aibu nyingine, basi nikamweleza mke wangu, kwa sauti ya kufika chumbani: "Figo ni kama mtu anayeosha omena, dagaa wetu wa ziwani. Mpe maji, mchanga utatoka. Mnyime, mtautafuna wote."

"Mwambie huyo mwalimu wako," chumba kikajibu, "nimeosha omena kabla hajazaliwa!"

"Mwambie basi aendelee kuosha."

Kisha, kutoka chumbani: "Mwambie asinichekeshe, kifua bado kina kidonda!"

Tukaafikiana. Leso ikining'inia mlangoni, ua ni wake, nami nakaa kwa fundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Akanywa. Akaonja pia utamu wa mamlaka: siku nyingine leso ilining'inia hadi chakula changu cha mchana kikapoa.

Siku ya kliniki, vipimo vya damu vilionyesha figo ziko salama. Daktari akanigeukia: "Na mkojo, anapata wa kutosha?"

Nikatoka mbio. Nikiwa koridoni nikamsikia mama mkwe akijibu kwa fahari, kliniki nzima ikisikia: "Jagi linajaa, daktari! Linajaa!"

Kwa heshima, nikajifanya kiziwi.