Mtoto wa Digidigi Niliyemtoa Majanini

Pale Bonga kuna bustani ya kupumzikia ambako nilikuwa nalisha wanyama wadogo: kobe wawili, sungura, na digidigi dume na jike. Jike alikuwa amenizoea. Nikiingia na majani alikuja hadi karibu na magoti yangu. Lakini wageni wakisimama kwenye uzio wa waya, alikwenda nyuma ya kichaka na kusimama kimya, wala hakula hata wakimrushia karanga.

Alipozaa alimficha mtoto kwenye majani marefu, mwenyewe akakaa mbali. Ndivyo digidigi wanavyolea. Humwendea mtoto kumnyonyesha, kisha huondoka tena. Baada ya siku chache niligundua kwamba wageni wakiwepo hamwendei kabisa. Siku za kazi haikuwa shida, wageni walikuwa wachache.

Jumapili moja kulikuwa na kipaimara. Familia zilitoka kanisani na watoto wao wenye nguo nyeupe, wakajaa kwenye waya tangu saa saba mchana. Jike hakusogea. Nilitaka kuwaomba wapishe kidogo ili mtoto anyonye, lakini wazazi wote walikuwa wakubwa kwangu. Nikaishia kuwaamkia shikamoo, mmoja baada ya mwingine.

"Marahaba. Eti kuna mtoto, mbona simwoni?" akauliza mama mmoja mwenye kitenge kipya. "Au mmeshamlia ugali?"

Watu wakacheka.

"Yupo, mama. Amelala."

"Basi mtoe tumpige picha. Tumetoka Dareda kote huko, tuje kutazama majani?"

Nilijua sipaswi. Nikasema, "Sawa, mama." Nikaingia, nikamwinua, nikamleta mlangoni. Alikuwa mwepesi kuliko kuku, moyo ukimdunda kwenye vidole vyangu. Jike akajirusha kwenye waya, mara mbili. Mtu akasema huyo ana kichaa. Walimshika mtoto kichwa kwa zamu, na mimi nikasimama naye nikitabasamu mpaka picha zikaisha.

Jioni jike hakumwendea. Kesho yake pia. Nilijaribu kumpa mtoto maziwa ya mbuzi kwa chupa, yakamwagikia kidevuni. Jumanne asubuhi nilimkuta amekuwa wa baridi.

Mama mwenye bustani aliniuliza kama kuna mtu alimgusa. Nilisema hapana, labda alizaliwa dhaifu.

Akanishika bega. "Pole, mwanangu. Najua ulivyompenda."

"Asante, mama," nikajibu, nikachukua jembe nikaenda kumzika.