Fanksheni Aliyoiita USIKU

Asubuhi ya Jumamosi, Mwanatumu binti Sheikhan alikuwa akijifunga buibui kwenda kazini, Kombe alipobisha hodi. Nyumba yao ilikuwa kichochoroni, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, na saa ile mlango ulibishwa na muuza maziwa au na mtu mwenye habari mbaya. Kombe hakuwa na maziwa. Alikuwa nyapara wa genge la makuli wa usiku bandarini, mkaazi wa Kibarani, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi na marehemu Sheikhan, aliyekuwa karani wa mizigo.

"Karibu ndani, ami."

"Siingii. Nina tope miguuni na hasira moyoni, mamako atanifukuza kwa vyote viwili." Akabaki kizingitini. "Mwanangu, hiyo mashine yenu yasema sisi hatukuja kazini. Genge zima, zamu tatu. Majina yetu yamefutwa. Jumatatu waingia watu wapya mahali petu."

"Na mlikuja?"

Kombe akamfunulia kiganja kilichochunika. "Kamba ya winchi, Alhamisi usiku. Au mashine yasema nilijichuna nyumbani, kwa uvivu?"

Mwanatumu alitoka bila kunywa chai. Mtu aliyemwona akipita njiani angedhani anakwenda kumdai mtu. Hakuwa mpiga kelele. Akikasirika alitembea upesi na kuacha kuamkia watu, jambo ambalo katika Mji wa Kale ni tusi kubwa kuliko kelele.

Mwaka ule, 1968, kampuni ya meli aliyoifanyia kazi ilikuwa na kompyuta, ndani ya chumba kilichotiwa baridi ambacho kila mtu alitafuta kisingizio cha kukiingia. Mwanatumu alianza kama mtoboaji kadi, mmoja wa wasichana waliokaa safu moja wakigonga mashine zao kutwa nzima ili tarakimu za makarani ziwe matundu ambayo kompyuta huyasoma. Wenzake walitoboa wakawaza mengine. Yeye aliuliza yale matundu yanakwenda kufanya nini. Aliuliza mpaka wakachoka naye, wakampeleka Nairobi kujifunza kuandika programu. Mamake, Bi Nana, alilia stesheni kama binti anaolewa na mtu asiyejulikana.

Aliporudi alikuta kero moja. Makarani wa mabandani, wengi wao watu wa pwani, waliandika siku kama walivyozaliwa wakiihesabu: siku huanza magharibi, usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwao, ni ule ambao alfajiri yake ni Ijumaa. Ofisi ilihesabu siku tangu usiku wa manane, kizungu. Kwa hivyo kila programu iliyogusa zamu za usiku ilihitaji kadi zile zile, zenye amri ya kurudisha tarehe nyuma siku moja kwa saa zilizo kati ya magharibi na usiku wa manane. Alizinakili katika programu moja, ya pili, ya tatu. Katika ya nne akakosea, na kutwa nzima ikapotea akitafuta kosa.

Ndipo alipoandika fanksheni yake ya kwanza. Alikitenga kile kipande cha hesabu, akakipa jina, USIKU, na tangu hapo programu yoyote iliyomhitaji USIKU ilimwita kwa jina tu: shika tarehe, shika saa, nipe siku ya ofisini. Bi Nana alipotaka kujua mwanawe anashinda akifanya nini, Mwanatumu alimwambia fanksheni ni kama mpishi wa harusi. Ukimwambia pilau ya watu mia, humsimamii kumfundisha kukata vitunguu. Yeye ajua, wewe wangoja sinia.

"Na ukimtajia hesabu ya masinia, naye akadhani ni ya watu?" aliuliza Bi Nana.

"Mama, nani atakuwa mjinga hivyo?"

Ofisini, Jumamosi hiyo, aliifungua programu mpya ya mahudhurio. Aliyeiandika ni Kioko, mkuu wake wa kitengo, kijana wa Machakos mwenye bidii na tai iliyonyooka. Hakuhitaji kusoma sana. Kioko alikuwa amemwita USIKU, lakini tarehe aliyompa haikutoka kwa makarani. Ilitoka kwenye saa ya getini, ile inayogonga muhuri kwenye tikiti ya kila kuli anapoingia, na saa ya getini huhesabu kizungu. USIKU akafanya kazi aliyofundishwa: akarudisha nyuma siku moja. Kuli aliyeingia Alhamisi usiku akaonekana ameingia Jumatano, usiku ambao hakuitwa, na Alhamisi, usiku aliotakiwa, akaonekana hayupo.

Kioko alikuwa mezani akinywa chai.

"Bwana Kioko, genge la Kombe lilikuja kazini."

"Mashine inasema halikuja. Nimeshaandika kwa wakubwa kwamba ni mgomo wa kichinichini."

"Umempa USIKU tarehe ya getini. Tarehe ya getini haitaki kugeuzwa."

Alieleza. Kioko si mpumbavu. Kikombe kilisimama njiani kabla Mwanatumu hajamaliza. Lakini alipokitua alikuwa ameshapata la kusema.

"Fanksheni ni yako, dada. Jina lako ndilo liko juu yake."

"Nani alikwambia uipe tarehe yoyote uliyoiokota njiani?"

"Na nani aliniambia nisiipe? Nimekuta jina, USIKU. Nimekuta inataka tarehe na saa, nikaipa tarehe na saa. Kuna kadi hata moja uliyoandika tarehe gani? Mimi kwetu siku inaanza asubuhi, mama yangu akiamka kukamua ng'ombe. Nitajuaje kwamba nyinyi yenu inaanza jua likizama?"

Mwanatumu alitaka kumrushia kile kikombe. Alichomkasirisha zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa na kweli ndani yake. Kadi ya maelezo, ile ambayo mashine huiruka na binadamu huisoma, hakuiandika. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu duniani asiyejua usiku ni wa siku gani.

"Sawa, hilo langu. Mgomo je? Ungemuuliza bawabu wa getini. Kwako ilikuwa rahisi kuamini watu ishirini wamegoma kuliko kuamini programu yako imekosea."

"Usipaze sauti."

"Sijapaza. Twende kwa Bwana Kamaludin."

Kioko hakwenda, alisema ana kazi. Mwanatumu alikwenda peke yake.

Bwana Kamaludin, meneja wa ofisi, alimsikiliza akitazama saa, kwani Jumamosi walifunga adhuhuri. Alielewa upesi. Kilichomsumbua hakikuwa genge. Kilikuwa neno mgomo, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipeleka juu kwa wakurugenzi.

"Naweza kuwarudisha leo hii," alisema. "Lakini wakubwa watauliza kosa la nani. Siwezi kuwaambia la mkuu wa kitengo. Fanksheni yako ilikuwa na kasoro, binti. Andika hivyo, utie saini. Utarudi kutoboa kadi kwa muda, mpaka mambo yatulie."

"Haikuwa na kasoro. Ilikosa maelezo, na ikatumiwa vibaya."

"Hayo ni maneno marefu. Mimi nahitaji mafupi, kabla ya adhuhuri."

Mwanatumu alitia saini kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Kisha alirudi kwenye chumba cha kompyuta, akairekebisha programu ya Kioko na kutoboa kadi ya maelezo: tarehe iwe ya makarani, siku ikianza magharibi. Akaiweka mbele ya USIKU, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Kombe alibisha tena, safari hii na mapapai mawili, akakubali kukaa barazani. Alikuwa amechangamka.

"Yule Bwana Kioko ana utu, wallahi. Jumatatu kaja mwenyewe getini, katuambia, nyinyi ni watu wangu, nimewapigania. Nasi tukampigia makofi." Akamtazama. "Lakini wewe nasikia umeshushwa. Umefanya nini, mwanangu?"

Bi Nana alimkonyeza bintiye anyamaze, mambo yapite. Mwanatumu hakunyamaza. Alimweleza yote, bila kupunguza kadi aliyoisahau wala kumstahi Kioko, sauti yake ikipanda mpaka jirani wa mbele akafungua dirisha. Kombe aliacha kutabasamu mapema sana.

"Na ulijua kosa si lako peke yako," alisema hatimaye. "Basi kwa nini ulitia saini?"

"Kwa sababu Jumatatu ilikuwa keshokutwa."

Kombe aliyatazama mapapai yake kana kwamba ni yeye aliyeletewa, si yeye aliyeleta. Jirani akalirudisha dirisha polepole.