Pindo la Maua Mekundu

Nikiingia duka la vikwembe, vitambaa vya kujifunga wanawake, harufu ya wanga wa nguo mpya hunipandisha hasira hata kabla sijagusa kitu.

Wakati wa Wabelgiji tulilazimishwa kulima pamba. Siku ya kuipima, wachuuzi walitandaza vitambaa hatua chache tu kutoka kwenye mizani, ili mkulima asifike nyumbani na pesa aliyolipwa. Hapo nikaona kikwembe cha maua mekundu kinang'aa, kimekakamaa kama karatasi.

"Mama, uninunulie ile!"

Mama alimimina maji ya kibuyu kidogo kwenye pindo, akalisugua kwa vidole vilivyojaa mikwaruzo ya kuchuma pamba. Unga mweupe ukatoka. Pindo likalegea, likawa jepesi hadi niliona mkono wake upande wa pili.

"We mama, unaniharibia kitambaa!" mchuuzi akafoka.

"Hii iko unga, haiko kitambaa," mama akasema, tena kwa sauti, watu wote wasikie. "Pamba tulilima sisi. Yenyewe iko wapi?"

Mchuuzi akakunja mali yake. Mama akanunua kaniki nyeusi, nzito, ya kuendea shamba na kubebea mtoto. Mimi nilinuna njia nzima hadi kijijini kwetu Wamaza, nikamchukia kwa kunitia aibu.

Leo binti yangu ananivuta mkono mbele ya muuzaji. "Mama, usianze tena, watu wanatuangalia!"

Waangalie. Kidole changu kimeshalowa mate.