Mpiga Hodi wa Maabara

Mtu wa maabara hupachika kalamu mbili, moja kwenye kila sikio. Jina lililo kwenye kichupa hulisoma mara tatu kwa sauti, kama mwalimu anayeita rejista, kisha hugonga mfuniko wa mashine na kusema, "Hodi." Kipande cha nyama kilichotolewa kwenye moyo wa binti yangu kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, lakini alikipokea kwa mikono miwili.

Nilimsogelea dirishani. Moyo wa mtoto umevimba, nikamwambia, na dawa ya kutuliza uvimbe ipo, sasa tunangoja nini?

"Mama, dawa ile inamlaza mlinzi wa mwili. Utamlazaje mlinzi kabla hujajua kama mwizi yumo ndani? Niache kwanza nitafute virusi."

Siku mbili nzima nilizikodolea macho kalamu zile. Leo adhuhuri alitoka na karatasi, akielekea kwa daktari. Nikasimama.

"Majibu anatoa daktari," akasema huku anapita. Alipofika mlangoni akageuka. "Ila hodi nimepiga mara tatu, mama. Hakuna mwizi aliyesema karibu."