Nilivyomfuata Shujaa Mpaka Bukene

Asubuhi za mvua, stesheni ya Tabora ilinuka mafuta ya injini na tumbaku iliyolowa, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo nyayo huanza kuniwasha. Siku ninayoisimulia nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo, alinituma nipeleke kanzu kwa mteja aliyekaa karibu na reli. Kanzu niliifikisha. Kisha, badala ya kurudi nyumbani, nikasimama kutazama watu wakipanda gari moshi la kwenda Mwanza, na kabla sijajiuliza nafanya nini nilikuwa nimo ndani, daraja la tatu, nimejibana kati ya mama mmoja na gunia lake la makopa ya muhogo. Sikuwa na tiketi. Sikuwa na nguo ila gauni na khanga niliyojitanda. Shule nilikwisha kuiacha nikiwa darasa la tano, si kwa ujinga, bali kwa sababu mwalimu alitaka nikae nikijibu maswali yake wakati mimi nilikuwa na yangu.

Aliyenipandisha gari moshi lile ni shujaa wa katuni. Siku mbili kabla, gari la sinema lilikuja mjini. Tulikuwa tumelizoea: lilituletea filamu za mbolea, za kuchemsha maji ya kunywa, na za watu wanaohamia vijiji vya Ujamaa wakicheka kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote akicheka siku ya kuhama. Kwa kuwa ilikuwa masika, walionyeshea ndani ya ghala la tumbaku, mchana, milango imefungwa na madirisha yamezibwa kwa magunia. Safari hii, baada ya mbolea, mwendesha mtambo alitia mkanda mwingine. Ilikuwa michoro inayotembea. Mpiganaji aliyekatikiwa ncha ya upanga aliiacha nyumba yake ikiungua, akatembea milima na mabonde, akaingia mji asioujua, mvua ikinyesha. Akabisha mlango hadi mlango, na kila mlango ukakataa. Nyuma yake watu watatu walikuwa wakimfuata taratibu bila kusema neno. Alipoufikia mlango wa mwisho, tulisikia komeo likivutwa kwa ndani, na hatukujua anayelivuta anataka kumkaribisha au kumchoma mkuki. Hapo mkanda ukaisha, na nguo nyeupe iliyotundikwa ukutani ikabaki nyeupe. Watu wazima walicheka wakatoka. Mimi nilikwenda kumwuliza mwendesha mtambo kilichofuata, naye akanijibu huku akikunja nyaya kwamba sehemu ya pili iko mbele ya safari, na safari ni ya Bukene, keshokutwa.

Nilimwamini kama tulivyoamini redio. Kwa hiyo nilikaa kwenye behewa lile nikihesabu stesheni, na mkagua tiketi alipopita nilimwegemea yule mama wa makopa kama mwanawe. Mkagua alitutazama sote wawili muda mrefu. Yule mama alinivutia khanga kichwani, kama anayemfunika mtoto mwenye homa, na mkagua akaendelea na behewa.

Bukene niliwakuta watu wamekusanyika kwenye ghala la pamba. Nilijipenyeza mpaka mbele. Mbolea ikapita, maji ya kuchemsha yakapita, kisha nyumba ile ile ikaanza kuungua, na shujaa yule yule akaondoka kwao kwa mara ya pili. Nilingoja nikidhani wanatukumbusha ya nyuma tu. Komeo likavutwa, nguo ikawa nyeupe. Nikamkimbilia mwendesha mtambo, naye alinitambua, akashika kiuno.

"Mdogo wangu, hiyo sehemu ya pili hata mimi sijaiona. Walinipa mkanda mmoja."

Akapakia mitambo, akaondoka kwenda Nzega kabla mawingu hayajafunga barabara. Gari moshi la kurudi Tabora lilikuwa la kesho yake. Ndipo nilipotazama huku na huku nikaona kwamba jua linashuka na simjui mtu.

Wasioishi zama zile hawawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mgeni alipaswa kuripoti kwa balozi wa nyumba kumi, mkononi ana barua kutoka kwa balozi wa kwao. Asiye na barua aliitwa mzururaji, na wazururaji walikabidhiwa mgambo. Mtu mzima angeweza kujieleza. Msichana wa miaka kumi na miwili asiye na barua alikuwa na maelezo mawili tu, ama ameiba au ametoroka, na yote mawili yangenirudisha kwa baba mbele ya mtaa mzima, nimesindikizwa na rungu. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nilikuwa nimeshaimaliza. Nikauliza kwa balozi ni wapi.

Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, na barazani alikaa mgambo akichonga mpini. Nilipiga hodi. Akatoka mzee mrefu aliyevaa buti za mpira, nikaamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza barua. Nikamwambia sina. Akauliza mimi mtoto wa nani. Nikamtaja baba na kazi yake. Akauliza kabila. Nikasema Mzaramo, maana ukoo wetu uliingia Tabora na misafara ya zamani, ukabaki.

Uso wake ukabadilika.

"Mzaramo," alisema, akageukia ndani. "Mke wangu, njoo uone mwizi. Babu zake walitubebesha pembe mpaka pwani, wakatupa shanga. Leo wamemtuma huyu abebe na mlango."

Kisha akanigeukia. "Lala hapo nje. Mvua itakuosha."

Mgambo aliweka mpini chini, akasimama. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Machozi yalinijaa, na hapo nikamwona mke wa balozi nyuma ya mumewe, anafuta mikono, ananitazama kama mtu anayengoja jibu. Nikakumbuka wateja wa Kinyamwezi kwa baba, watani wetu Wazaramo, walivyokalia kitambaa kilichokwisha kukatwa wakisema Wazaramo wanashona kama wanavyokula, bila kupima, na baba akiwaita watumwa wake na kuwafukuza, kisha wote wanakunywa kahawa. Mama alinifundisha kwamba mtani akikutukana ukalia, umemfanya mtu baki. Lakini huyu alikuwa kiongozi, na mgambo wake amesimama. Kama hakuwa akitania, basi ningekuwa nimemtukana balozi mlangoni kwake. Sikujua ni utani au ni serikali.

"Mtumwa wangu," nikasema, sauti inatetemeka, "nimekuja kukagua nyumba niliyokuachia uilinde. Sogea, naloa."

Mgambo alimtazama balozi. Balozi alinitazama mimi kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama Kalunde," alisema hatimaye, "wenye nyumba wamefika. Tandika mkeka." Akasogea.

"Mwenye nyumba na tope lote hilo," mkewe alisema. "Ingia, binti, unawe."

Walinipa ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Balozi alisema mgeni hupewa siku mbili kabla ya jembe, lakini mtani hapewi hata moja. Na kweli, alfajiri nilikuwa nikipalilia shamba la kijiji pamoja nao mpaka gari moshi lilipopiga honi. Barua aliyonipa nimpelekee baba ilikuwa ya matusi matupu, kwa mwandiko mzuri. Baba aliisoma mara mbili akicheka, akaikunja, kisha akanichapa.

Tangu hapo nimepika kwenye kambi za barabara, nimeuza asali, nimelala miji ambayo nimesahau majina yake. Mwaka jana nilipita Bukene, nikaingia nyumba ya wageni. Kijana wa mapokezi alifungua daftari. Hata sasa lina mahali pa kuandika kabila. Nikaandika, naye akasoma. Nilimwuliza na lake, akasema yeye ni Mnyamwezi wa pale pale. Nikafurahi.

"Basi, mtumwa wangu, nipe chumba chenye kitanda kizima."

Aliinua uso, ameumia kweli. "Samahani, mama. Hapa hatutumii lugha hiyo."

Hakuniuliza barua wala ninamkimbia nani, na hapakuwa na mgambo barazani. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora. Mtoto wa leo akipotea, namwombea mlango kama wa kijana yule, unaofunguka bila kumtetemesha mtu. Alinipa ufunguo, taulo na kipande cha sabuni. Nililala vizuri, na hakuna aliyenitukana.