Watu Watatu wa Mama

Nimechoka na nukta. Mwaka wa nne huu, nikishamaliza kufundisha hesabu, naketi na kompyuta yangu kuukuu kushindana na watu nisiowajua, kwenye mashindano ya mtandaoni ya kubuni mitandao. Unapewa nukta kadhaa na sharti moja gumu: kila nukta itoe mistari mitatu, basi. Uziunganishe ili kutoka nukta yoyote hadi nyingine yoyote hatua ziwe chache. Watafiti hutumia michoro hiyo kuunganisha kompyuta kubwa. Mimi sijawahi hata kukaribia kushinda.

Wazo zuri pekee nililowahi kupata lilitoka kwa mama. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Gisenyi. Mitumbwi ikifika asubuhi, wauzaji hupashana bei kwa simu: kila mwanamke anapigia watu watatu, nao kila mmoja watatu wake, mpaka habari ifike masoko ya milimani. Niliuchora mtandao wao kwenye karatasi, nikakuta kasoro, na kasoro yenyewe ilikuwa mimi. Katika watatu wa mama, wa kwanza nilikuwa mimi, kila asubuhi, eti ajue kama nimekunywa chai. Mstari mzima unaishia kwa mtu asiyeuza hata sambaza mmoja! Nikamwambia anitoe, nafasi yangu ampe mwanamke mmoja wa Bugeshi, kule milimani.

"Na chai?" akauliza.

"Mama, chai nitakunywa tu."

Akanisikiliza. Bei ikaanza kufika Bugeshi mapema, nami nikajisifu wee. Hata mchoro wangu, baada ya kuupa mistari michache ya kuruka mbali namna hiyo, ulipanda nafasi kidogo mashindanoni.

Mwezi uliopita mama alianguka karibu na kituo cha mpakani cha Grande Barrière, akavunjika nyonga. Muuzaji mwenzake alichukua simu yake akawapigia wale watatu. Mimi nilikuwa shuleni, mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali alikolazwa, nahangaika na nukta zangu wakati wa mapumziko. Simu iliyonifikia ilitoka Bugeshi, kwa yule mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa ameipata namba yangu kwa kuulizauliza.

"Pole, mwalimu. Tulizani unajua."

Habari za mama yangu zilipanda mlima kwanza, ndipo zikanishukia.

Nilikuta kitanda kimezungukwa na wauza samaki, wakanipisha kama mgeni. Niliona aibu, machozi yakanitoka mbele yao. Walipoondoka nilimwomba mama anirudishe kwenye watatu wake.

"Donc nitoshe nani, nani atoke?" aliniuliza, bila hasira. "We mwenyewe ulisema batu ni batatu tu. Nafasi iko wapi tena?"

Sharti nalijua kuliko yeyote. Nikainama kumrekebishia shuka. Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Chai ulikunywa?" akauliza.

Sikuwa nimekunywa.