Jina Lisilotajwa Nyumbani kwa Xavery

Watu wa mtaa wetu wa Isevya wanasema Katarina amekuwa mkimya tangu msiba. Waongo wakubwa! Katarina alikuwa mkimya tangu nimjue. Mimi, Recheli, jirani yake mlango kwa mlango, ndiye niliyekuwa napiga kelele kwa niaba yetu sote wawili. Yeye aliuza asali kibarazani, akimimina kwenye chupa bila kudondosha hata tone, na mteja akileta ujanja wa bei yeye alicheka tu. Kuinuka na kumpasha yule mteja ilikuwa kazi yangu.

Kwao ni Ipole, binti wa mrina asali. Aliolewa Lusu, kwa Xavery, kabla hawajahamia hapa Isevya, na huko ndiko alikofundwa adabu ya ukwe: mke hamtaji baba mkwe kwa jina, awe hai, awe kaburini. Jina la ubatizo, Ezekia, hilo aliweza kulisema kwa kuwa ni la kanisani. Lakini lile la nyumbani, ambalo mzee alilirithi kwa babu yake aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, halikupita mdomoni mwa Katarina hata siku moja. Jina la namna hiyo hutajwa na wenye ukoo tu, wakati wa kutambika, unga wa mtama na maji mkononi. Ukilitaja umemwita mwenyewe, na aliyeitwa haji bure.

Xavery alikuwa seremala. Binti yao wa pekee, Consolatha, mwalimu huko Dar es Salaam, aliwawekea wazazi wake kisanduku cha intaneti sebuleni. Lo! Vijana wa mtaa mzima wakajazana kibarazani na simu zao, wajukuu zangu wakiwa mstari wa mbele, bando likakauka. Xavery akachukia, akaweka neno la siri, kisha akatutangazia huku anacheka: "Nimeweka jina la baba, lile la nyumbani. Huyu mke wangu hawezi kuwagawia hata mkimlisha pilau!" Tulicheka sana. Mgeni akija, Xavery mwenyewe alichukua simu ya huyo mgeni, akaelekea ukutani, akaandika.

Halafu Xavery akafa, msimu wa mvua uliopita. Ndugu zake wa Lusu walishatangulia zamani.

Mwaka huu Consolatha akaugua koo. Saratani. Wakamtoboa shingo kumwekea mrija apate kupumua, na sauti ikaondoka. Mama yake miguu imevimba, basi la Dar haliwezi. Simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu, na kitochi cha nini kwa mtu asiye na sauti? Ndipo Shamila, mwalimu mwenzake aliyekuwa anamuuguza, akatuma kishikwambi kwa basi, ili mama na mwana waonane uso kwa uso. Hakina hata pa kuweka laini. Kinategemea kisanduku cha sebuleni.

Kilipofika tu, kitochi kikalia. "Shikamoo, mama," Shamila akasema. "Mama, msichelewe. Daktari anasema hali si nzuri. Conso anautazama mlango tu."

Siku hiyo mtaa ulikuwa mtupu. Wenye simu kubwa wote walikwenda kuzika Sikonge. Tulibaki sisi wazee wawili. Lakini mimi nimeuza vocha miaka mingi, si mshamba. Nikakiwasha. Mtandao wa Xavery ukatokea na kikufuli chake pembeni. Nilipougusa, kikadai neno la siri.

Nikaandika Ezekia. Kikakataa. Nikaandika kwa herufi ndogo tupu. Kikakataa. Nikamwomba Shamila amuulize Conso. Akarudi akasema, "Hawezi kushika kalamu, mama. Amefumba macho tu."

Nikamgeukia Katarina. "Mama Conso, litaje."

Akatikisa kichwa.

"Basi niandikie, usiseme."

"Kuandika si kutaja? Mkono ni wa nani?"

Hasira zikanipanda mpaka utosini. "Wewe mwanamke! Mkweo amekufa, mumeo amekufa, unamwonea haya nani? Mwanao yu hai, anakungoja!"

"Ndiyo maana naogopa," akasema. "Yu hai."

Sikumwelewa. Kitochi kikalia tena, na safari hii Shamila alikuwa analia. Katarina akainuka, akajikokota hadi jikoni, akarudi na kikombe cha maji na konzi ya unga. Mtama haukuwepo, ilikuwa sembe ya dukani. Akavua kandambili, akasimama mlangoni, akanyunyiza, akasema maneno kwa Kinyamwezi. La mwisho lilikuwa jina. Alilisema taratibu, sauti inatetemeka kama ya bibi harusi mbele ya wakwe. Sitaliandika hapa. Nikaliingiza, herufi ya kwanza kubwa, na kile kishikwambi kikakubali.

Shamila akapiga kwa video, Consolatha akatokea. Amekonda, jamani, kitambaa kichwani, mrija shingoni. Akafumbua macho. Katarina akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Mwanangu, umekula?"

Mtoto ana mrija shingoni, mama anamuuliza kama amekula! Conso akatabasamu. Midomo ikacheza: mama. Niliiona mimi, kwa macho yangu. Wakabaki wanatazamana mpaka Shamila mkono ulipomchoka kwa kushika simu. Mimi nilitoka uani nikalie.

Kulipokucha, Conso alikuwa ametuaga.

Walimleta, tukamzika. Matanga yalipoanuliwa nikamkuta Katarina amekaa sakafuni, chupa za asali zimeshika vumbi.

"Nilimwita, Recheli," akasema. "Mimi si wa ukoo, tena nilimwita kwa sembe. Akaja, akamchukua mjukuu wake."

"Saratani ndiyo iliyomchukua!" nikafoka. "Daktari alisema kabla hujafungua mdomo!"

"Daktari alisema hali si nzuri. Hakusema ni siku ile."

Padri naye alikuja, akazungumza naye kwa upole. Katarina akamwitikia, "Ndiyo, Baba," na alipoondoka akarudia yale yale. Inaniuma mno. Asingemwita mzee, asingemwona mwanae, na sasa kule kumwona ndiko kunakomla.

Juzi, kibarazani kwake, amenikabidhi kishikwambi, eti nikae nacho mimi. Nikakiwasha nione kama kina uzima. Mtandao ukashika wenyewe.

Akashtuka. "Nani amelitaja?"

"Hakuna aliyelitaja. Kimelikumbuka chenyewe."

"Kwa hiyo kila kikiwashwa kinamwita?"

Nilitaka kumcheka. Nikautazama uso wake, nikaacha. Nikatafuta mahali palipoandikwa kuusahau mtandao, nikabonyeza, na ombi la neno la siri likarudi kama mwanzo.

"Tayari," nikamwambia. "Kimesahau."

Akashusha pumzi. Akakaa kwenye kigoda chake cha kuuzia asali, akakitazama kile kishikwambi mapajani mwangu.

"Na mimi, mwenzangu," akaniuliza, wala hakuwa anatania, "utanibonyeza wapi?"